Ramani ya Reli ya Mgodi

Mpendwa Baba,

Mwanangu Otieno aliitaka ramani yako, nami sikujua nimpe au nimnyime.

Mgodi wa dhahabu ulipofungwa, miaka ile ya sitini, wewe uliyekuwa msimamizi wa reli ya toroli ulibaki nasi hapa Migori, wenzako wakirudi kwao. Reli iling'olewa, nyasi zikafunika mashimo. Ulibaki na karatasi ile tu: mistari ya kahawia ya vilima, mstari mweusi wa reli, nyumba za wafanyakazi, na kila shimo limetiwa duara dogo.

Kisha mdogo wangu Atieno akaenda kuokota kuni, asirudi. Mama aliita mpaka sauti ikamkauka. Wewe uliitandaza ramani kitandani, ukapitisha kidole juu ya reli.

"Kuni ziko upande huu," ulisema. "Mashimo ni matatu."

Uliniambia nikanyage unapokanyaga. Kwenye shimo la pili tukasikia kilio. Majirani walikushusha kwa kamba za kufungia ng'ombe, nami nikashikilia sketi ya Mama mpaka ulipotokea umembeba Atieno mgongoni, mguu wake umevunjika. Baada ya hapo ulizungushia kila shimo ua wa mkonge.

Sasa wachimba dhahabu wameukata. Otieno ni mmoja wao.

"Mama, mashimo ya zamani ndiyo yenye mali," aliniambia. "Bila ramani tutachimba kwa kubahatisha, udongo utuangukie."

Anasema kweli, Baba, na hilo ndilo linaloniogopesha. Niliwaza: nikiificha, watachimba juu ya mapango wasiyoyajua. Nikiitoa, nitakuwa nimemwonyesha mlango.

Jana nilimpeleka kwa Atieno, Homa Bay alikoolewa. Hakumkataza. Alimwonyesha mguu wake, akamsimulia maji ya mle ndani yalivyomfika kifuani, na jinsi alivyoacha kuita kwa sababu udongo ulidondoka kila alipoita.

Leo asubuhi amekuja na wenzake, nami nimeitoa sandukuni. Wameizunguka mezani huku nikikuandikia. Nimemsikia akiwaambia, "Wiki hii hakuna anayeshuka. Tuweke alama kwanza."

Nimeshukuru. Lakini wiki ni siku saba tu, Baba, na hii ni ya kwanza.

Lala salama huko uliko. Mimi bado nasikiliza.

Binti yako mkubwa