Besi Chini ya Kiti cha Baba

Iringa, Jumapili

Kaka Aroni, shikamoo.

Baridi ya Iringa haijatushinda, sijui ninyi wa Mbeya.

Ile Celica ya Baba, gari lake la mbio la ujana, nimeifungia redio mpya mwenyewe, bila kukata hata waya mmoja wa zamani. Spika ya besi nimeiweka chini ya kiti chake. Baba hasikii tena, Kaka. Anatuitikia kwa kututazama midomo.

Jana nikamwekea wimbo wa kwaya yao ya Kilolo, alikokuwa anaimba besi. Sauti za juu zilimpita. Besi ilipotetemesha kiti, akaidaka, akaimba nayo mpaka mwisho, hakukosea popote. Nilijifanya natafuta spana.

Yule mnunuzi uliyempata atafute gari jingine.

Mdogo wako,
Fundi Matilda