Ng'ombe Wetu wa Sengerema

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Usagara tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeuliza kwa nini babu yako alipeleka ng'ombe wake wengine kwa rafiki yake Sengerema, ilhali zizi letu lilikuwa na nafasi. Nilipoolewa nami nilimuuliza, tena kwa hasira: maziwa yetu wanywe watoto wa watu? Alicheka tu.

Ukaja ule ukame wa miaka ya tisini. Ng'ambo ya ziwa, kule Sengerema, ilinyesha, kwetu mvua ikatupita, zizi likabaki tupu.

Mvua iliporudi, rafiki yule alivuka kwa kivuko akiswaga ng'ombe na ndama jike. "Shemeji, hawa wamezaliwa kwangu, ni wenu," akaniambia.

Ndama yule alipokua akazaa, mimi ndiye niliyesema apelekwe Sengerema, maziwa wakanywe watoto wa kule.

Bibi yako