Jagi na Beseni Columbia Heights

Mama,

Baridi ya mtaa huu wa Columbia Heights inauma masikio, lakini nimeshiba. Leo ni Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, na kanisa la dada Wambui limewapikia wote wenye njaa mtaani bata mzinga na chapati zetu. Wageni walipoketi, nikachukua jagi na beseni nikaanza kuwanawisha, kama ulivyonilea. Wakashangaa.

"Wewe, acha! Watanawa kwenye sinki," Wambui akaninong'oneza.

Lakini bibi mmoja mzee akanyoosha mikono, akafumba macho. Maji yakaisha, naye hakuiondoa mikono. Nikaongeza mengine. Mishipa yake ilikuwa kama yako.

Mungu akutunze hadi nirudi. Na leo, Mama, ni nani amekunawisha?

Kitinda mimba wako,
Nduta