Waya Uliofunga Godoro

Baba,

Ruta yako bado inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Tangu tukuzike Novemba stima imekuwa ikipotea ovyo, lakini kila ikirudi, ile kompyuta kuukuu uliyoitoa kwa wauza vyuma ukaigeuza ruta ya kugawa mtandao inaamka yenyewe. Uliitoa diski ukaweka kikadi kidogo cha kumbukumbu, ukasema diski haiwezani na stima ya Nakuru. Ulisema kweli.

Lakini inatumikia nyumba moja sasa. Jirani yetu Baba Achieng na familia yake wamefukuzwa.

Ulikufa kabla ya kura, kwa hivyo hukuziona fujo za Januari. Vijana walioingia kwenye ploti yetu ya kupanga walikuwa wa kwetu, Baba, wanaongea lugha yetu. Walitupita wakaenda moja kwa moja mlango wa jirani. Mama aliwasihi mpaka wakawaacha wapakie vitu. Lori lilipofika hakukuwa na kamba. Baba Achieng aliukata ule waya wa mtandao mliovuta pamoja ili laini moja itoshe nyumba mbili, akafungia godoro.

Nakumbuka mlivyotoboa ukuta. Ulitoboa tundu kubwa kupita kiasi, Mama akasema unatafuta njia ya panya. Wewe huku, yeye kule, mkiulizana: "Imeshika?" "Bado." Chai ikapoa. Baadaye tundu hilo likawa la salamu za asubuhi na la kuombana kiberiti.

Nilinunua waya mwingine. Usinicheke. Niliupitisha palepale, nikauacha ukining'inia kwenye nyumba tupu, kisha nikampigia Mama Achieng. Wako kwa ndugu zao, mahali Achieng, aliyezaliwa hapa Nakuru, haelewi hata watoto wenzake wanasema nini. Aliniuliza hali ya Mama, akauliza kama kaburi lako limeshajengewa. Halafu akasema, "Huo waya toa tu, mami. Sisi haturudi."

Redio inasema kuna amani. Nyumba yao ina mpangaji mpya, mtu wa kwetu, kama ploti nzima sasa. Juzi aliusukuma waya ukarudi upande wetu, akaziba tundu kwa simiti. Hana ubaya, alisema baridi inaingia.

Nimechoka, Baba. Uliunda kitu kisichokufa, na sisi hatukuweza kukaa pamoja hata msimu mmoja bila wewe. Jumamosi niliivua ile soksi ndefu ya Mama uliyoivisha ruta izuie vumbi, nikaifua na kuianika kama ulivyozoea. Nyuma ya mashine taa yetu inawaka. Ile uliyobandika jina la Baba Achieng imezima.

Kuhusu majirani siwezi kukuahidi chochote. Nakuahidi soksi itafuliwa kila Jumamosi, na lile jina sitalibandua.

Lala salama, Baba.

Binti yako,
Wanjiku