Udongo wa Kaburi la Wafula

Jane and Finch, Toronto

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha Shangazi, kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka na sitakuficha.

Nilifika Norwe kama ulivyonituma, hadi kijiji alikozikwa ndugu yangu Wafula. Ni nyumba chache za mbao kando ya mlango mwembamba wa bahari. Maji hupita pale kwa kasi kama mto uliofurika, yakatulia kidogo, kisha yakarudi yalikotoka. Wenyeji huvuka wakati yametulia tu. Bibi aliyempangisha chumba aliniambia, "Nilimkataza kuvuka maji yakienda kasi. Akasema atachelewa kazini." Wafula kuogopa kuchelewa, Mama! Yule uliyekuwa ukimmwagia maji ndipo aamke.

Nilichota udongo wa kaburi kwa mikono yangu, maana kwetu lazima uchotwe na mtu wa damu yake, ndipo wazee wauzike nyumbani na matanga yaishe.

Kisha nikafanya ujinga. Kwenye ndege ya kurudi walitugawia fomu: umebeba udongo? Nikaweka alama ya ndiyo. Ulinilea nisidanganye, basi sikudanganya. Hapa Toronto, kwenye uwanja wa ndege, afisa wa forodha akaushika mfuko wa udongo kwa glavu. Nikamwambia, "Huyo ni ndugu yangu." Akasema, "Pole, lakini udongo hauruhusiwi kuingia," akautupa kwenye pipa. Nililia mbele za watu. Bado nina hasira naye, na zaidi nina hasira na mimi mwenyewe. Likizo yangu imekwisha, na Norwe sirudi leo wala kesho.

Binamu Barasa aliyekuja kunipokea alicheka. "Sista, wewe nawe! Si uchote tu hapo nje ya gorofa, nani atajua?"

Mama, nilichota. Nilitumia kijiko cha chai, nikafunga mfuko vizuri, nikaandika jina lake juu. Nilikaa nao siku tatu. Halafu nikakuona wewe mawazoni ukipiga magoti kuulilia udongo unaokojolewa na mbwa wa majirani. Nikaumwaga.

Nisalimie Mjomba na Shangazi, na umshike mkono mjane wa Wafula kwa niaba yangu. Waambie wazee sina cha kuwaletea. Lile shimo mlilomchimbia kando ya kaburi la Baba, lifukieni tupu.

Ni mimi binti yako uliyemtuma,
Nekesa