Kisiki cha Mwaloni Mweupe

Dayton, Ohio
4 Machi 1979

Dada Orlena,

Shikamoo. Habari za huko mlimani, na mguu unaendeleaje? Sisi wazima, ila zamu za kiwandani zimekuwa ndefu na mke wangu Lurleen anakohoa tangu Krismasi. Ule uzi wa maharage uliyoyatunga na kuyakausha, ukanitumia, tumeumaliza. Nilipoyapika na nyama ya nguruwe, majirani walikuja kuuliza harufu inatoka wapi.

Dada, watu wa kwetu tulio huku tunaandika kitabu cha historia na jiografia ya Kaunti ya Tolliver: vijito, vilima, nani alikaa wapi. Mimi nimepewa upande wetu. Naomba uniandikie makaburi ya ukoo yako wapi hasa, pamoja na ule mwaloni mweupe uliotajwa kwenye hati ya ardhi ya Babu. Nilikuwa na miaka sita Baba aliponileta huku. Nakumbuka ukungu tu, na mkono wako.

Mdogo wako,
Denzil


Laurel, Kaunti ya Tolliver
15 Machi 1979

Mdogo wangu Denzil,

Marahaba. Mimi mzima. Mguu unanisumbua mvua ikinyesha, na huku haijaacha kunyesha. Lurleen mpe pole, na umpe asali na siki.

Historia ya kaunti unaitaka? Chukua. Kwanza walikuja watu wa chumvi, wakaondoka. Wakaja wa mbao, wakainyoa milima ikabaki upara, wakaondoka. Halafu akaja bwana mmoja mwenye tai shingoni na maneno matamu, Babu akatia alama ya X kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, kumbe ameuza kila kilicho chini ya majani. Sisi tukabaki na majani. Jiografia ni hiyo hiyo, ila inateremka.

Sasa nikuulize mimi. Wiki ile ile barua yako ilipofika, wapima ardhi wa kampuni ya makaa ya mawe walikuwa wanafunga utepe mwekundu kwenye miti yangu. Nao waliuliza makaburi yako wapi hasa. Maneno yako yale yale! Na Hobert, mtoto wa shangazi, anasema alikuona mjini mwezi uliopita, kwenye ngazi za mahakama, uko na bwana mwenye mkoba. Ulifika maili kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu, ukageuza. Mama alipokufa ulikuwa jeshini, hukuja, nikasema ni jeshi limekunyima ruhusa. Safari hii nani alikuzuia?

Dada yako,
Orlena


Dayton
24 Machi 1979

Dada,

Shikamoo, na pole na mguu. Lurleen amepata nafuu, anashukuru kwa dawa.

Ni kweli nilikuja mjini. Huyo Hobert ana macho mazuri kuliko adabu. Yule bwana ni nani, siwezi kukuandikia. Kwa nini sikupanda kwako, nalo siwezi kuandika. Ungekuwa na simu ningekupigia leo hii. Niamini tu, kwa ajili ya Mama.

Nahitaji kujua kabla ya katikati ya Aprili: makaburi yako Kilima cha Tandiko au Kilima cha Nyuki? Mawe yenyewe hayana majina, mgeni hawezi kuyatofautisha na mawe mengine. Aliyebaki anayejua ni wewe tu.

Mdogo wako,
Denzil


Laurel
2 Aprili 1979

Denzil,

Salamu zimefika. Mimi mzima.

Aliyebaki anayejua ni mimi tu, unasema. Hapo nimesoma mara mbili. Jana Hobert alikuja kula mkate wa mahindi, nikamuuliza mtu wa zamu ndefu anapata wapi muda wa kuandika vitabu. Akacheka mpaka akapaliwa. "Dada Orlena, huyo kashanunuliwa zamani. Wewe unadhani ule mkoba ulikuwa na biskuti?"

Haya, andika kitabuni kwako. Makaburi yako Kilima cha Nyuki, mkono wa kushoto wa kijito, hatua arobaini juu ya kisiki cha mwaloni mweupe. Mpelekee bwana wako.

Maharage ya mwaka huu hayakutosha kutuma.

Orlena


Dayton
28 Aprili 1979

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo! Mguu vipi? Sisi wazima kabisa, na leo nina raha ambayo sijawa nayo tangu utotoni.

Sasa naweza kusema. Kitabu nilikizua. Yule bwana ni wakili. Kuna sheria mpya: hata kama Babu aliuza yote yaliyo chini ya ardhi, kampuni haiwezi kuchimba ndani ya futi mia moja kutoka makaburini, mradi yamechorwa kwenye ramani na ndugu ameapa mbele ya karani wa mahakama. Nimechora, Dada. Nimeapa. Mwisho ulikuwa tarehe ishirini, na kampuni imekubali kukiacha Kilima cha Nyuki.

Sikuandika wazi kwa sababu ya Opal wa posta. Mumewe anaendesha buldoza la kampuni, na barua zako hunifikia zimetiwa gundi mara mbili. Wangejua mapema, wangepita juu ya Mama kabla sijamfikia karani. Ndiyo maana sikupanda hata kwako, wasije wakaniona. Hujambo, Opal? Sasa soma ushibe.

Naja mwezi ujao, Jumapili ya kupamba makaburi, na maua ya karatasi. Nilimkosa Mama mazikoni, simkosi tena.

Mdogo wako,
Denzil


Kilima cha Tandiko
3 Mei 1979

Mdogo wangu Denzil,

Afya yangu usiiulize. Nilikudanganya.

Kilima cha Nyuki hakuna mtu, kuna mizinga ya Babu iliyooza. Mama yuko Tandiko. Nilidhani umetuuza, nikakupa kilima kitupu ukawauzie hicho. Nawe ukakiapia. Naona aibu.

Barua yako ilifika juzi. Jana nilikwenda kwa karani. Anasema aliyeapa ndiye aje mwenyewe kurekebisha, na huenda bado inawezekana, lakini ramani ikiwa hivi ilivyo kampuni haina kosa. Wameshachonga barabara mpaka juu. Utepe mwekundu uko hatua thelathini kutoka kwa Mama.

Nimepanda huku na jembe na kile kiti cha Mama cha jikoni. Nimepalilia mawe yote kumi na moja ili yaonekane. Mume wa Opal aliponiona alizima mtambo, akavua kofia. "Bi Orlena," akasema, "ramani inasema hapa hakuna mtu."

Nikamwambia, "Nipo mimi."

Amekwenda kumwita mkubwa wake. Barua hii anaipeleka Hobert. Opal, ukishaisoma, ifunge uitume leo, nakuomba.

Denzil, usingoje Jumapili ya kupamba makaburi. Kisiki cha mwaloni kiko huku, kimeota uyoga. Mama ni jiwe la tatu kutoka hapo, lile bapa. Ukifika usipige hodi nyumbani. Nipo huku juu, na sasa unajua ni wapi.

Dada yako,
Orlena