Bendera ya Mia Moja Themanini na Moja

Jumatatu, 29 Machi 1993

Kazi kubwa imeingia dukani! Bendera mia moja na themanini, za mkutano wa Mei. Nchi zote za Umoja wa Mataifa. Wambua, afisa wa itifaki wa serikali, ameleta picha zao, zimepangwa kwa alfabeti. Mzee Vasant, mwenye duka, kamuuliza mara tatu kama China na kisiwa kidogo hivi wanapata kitambaa sawa. Sawa kabisa, kajibu Wambua – kila mwanachama kiti kimoja, kura moja, bendera moja. Mzee hakupenda. Angependa visiwa vipunguziwe.

Halafu ahadi! Isiporudishwa hata moja, nitapewa barua ya kazi ya kudumu. Miaka sita mimi ni kibarua. Amesema mbele ya mashahidi, yaani mimi na pasi.

Jumamosi, 3 Aprili

Sri Lanka imenitesa. Simba, tena kashika upanga! Bhutan nayo joka zima. Vidole vimekufa ganzi, nimefika nyumbani Kinoo sijui nilivyofika.

Wambua alipokuja kukagua alinywa chai, akatueleza nchi inavyoingia. Inaandika ombi. Baraza la Usalama linaipendekeza, kisha Baraza Kuu linapiga kura. Ila kuna wakubwa watano – mmoja wao akisema la, imekwisha. Nikacheka peke yangu. Ombi langu la mdomo la kazi ya kudumu, mwaka wa tisini, lilipita njia hiyo hiyo! Mzee alikubali. Mama Indu, mkewe, akatikisa kichwa tu, huku anapanga vifungo, na ombi likafa.

Jumatano, 7 Aprili

Redio inasema kesho kuna nchi mpya itapokewa. Masedonia. Hawatanishika nimelala! Picha ya bendera yake nimeipata kwenye gazeti kuukuu kwa muuza vitabu wa kona. Nyekundu, na jua la dhahabu katikati. Miali kumi na sita. Kila mwali ukatwe, ukunjwe, ushonwe kwa mkono. Nimeanza leo leo.

Jumanne, 13 Aprili

Pasaka nzima nimeshona. Jua limetoka zuri mpaka nikaliogopa.

Leo Wambua kaja na habari: nchi imeingia, sasa ni mia moja themanini na moja! Nikamtandazia jua langu mezani. Akashika kichwa.

“Dada, hii iko ndani, lakini bendera zii.”

Kumbe jirani yake, Ugiriki, anadai jina ni lake, na jua pia ni lake. Kwa hivyo wameipokea kwa jina la muda, refu kuliko cheo cha askofu. Na bendera haipandishwi mpaka waelewane. Kiti inacho, kura inayo, mlingoti mtupu! Nilidhani ananitania.

“Moja narudi,” akasema Mama Indu.

Nikamwambia haijarudi, kwa sababu haikuagizwa.

“Basi nani alikuambia kata kitambaa yangu?”

Nikalikunja jua langu. Nimelia chooni, nasema ukweli.

Alhamisi, 15 Aprili

Mteja mmoja wa Hurlingham kaona jua, anataka kulifanya kitambaa cha meza. Nimekataa. Mzee kanikazia macho.

Ijumaa, 23 Aprili

Zimekwenda! Mia moja na themanini. Wambua amezikagua moja moja, ameweka sahihi. Hakuna hata uzi uliorudi. Mzee kanipongeza, akamtazama mkewe.

“Na ile ya jua?” akauliza Mama Indu.

Barua hakuna. Nimechoka na watu hawa.

Ijumaa, 30 Aprili

Wambua kaja mbio. Eritrea wamepiga kura ya kujitenga, huenda mwezi ujao wakaingia. Bendera itahitajika haraka haraka.

“Fundi, anza leo!” Mzee anasugua mikono.

Nikaweka mkasi chini. Sijui ujasiri nilitoa wapi. Nikasema polepole kwamba nchi kwanza inapendekezwa, halafu inapigiwa kura, ndipo bendera inashonwa. Na mimi pia, barua kwanza.

Wambua akakohoa. Mzee akatazama dari. Simba na joka nani mwingine mtaa huu atawashona? Wanajua. Mama Indu akanitazama juu ya miwani, muda mrefu, mpaka nikaanza kujuta. Halafu akamwambia Mzee maneno mawili ya Kigujarati. Mzee akaivua taipureta kifuniko chake.

Hakutikisa kichwa! Mama Indu hakutikisa kichwa!

Naandika hapa kwenye meza ya kukatia, nimetulia. Mzee anapiga taipu kwa kidole kimoja. Tarehe. Anwani ya duka. Sasa kidole kimesimama. Anamuuliza mkewe kitu, chini chini. Mama Indu hajui. Wanamuuliza Wambua. Wambua naye hajui. Miaka sita ya “Fundi, leta hii, Fundi, shona ile” – na hakuna mmoja wao anayelijua jina langu! Wote watatu wamenigeukia. Nimeinamisha kichwa, najifanya naandika.